Kuchambua matini za Kiswahili kwa kompyuta kwa kutumia muundo wa sarufi: mwongozo kamili

Chukua sentensi tatu za aina inayosikika katika kila kikao cha bajeti: «Serikali imechimba visima vitatu», «Visima vitatu vitachimbwa», na «Wananchi wamechimbiwa visima vitatu». Programu inayohesabu maneno huziona sentensi hizi kuwa karibu sawa, na hata ile inayong'oa viambishi ili ibakize mzizi huambulia vitu vilevile, yaani kisima, tatu na chimba. Msomaji wa kawaida, kwa upande wake, anaona mara moja kwamba ya kwanza inadai kazi imekwisha na inamtaja aliyeifanya, ya pili ni ahadi isiyo na mwenyewe, na ya tatu inamtaja aliyenufaika huku ikimficha mtendaji. Tofauti yote hiyo imo katika silabi chache za kitenzi, na ndizo silabi ambazo mbinu nyingi zilizozoeleka huzitupa kama maganda.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifanya kompyuta izisome silabi hizo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania, maarufu kwa jina la Hansard, ambazo kwa sehemu kubwa ni za Kiswahili, na swali la nani anasemwa kuwa amefanya, atafanya au hakufanya nini kuhusu maji. Sentensi za mifano nimezitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa hotuba hizo. Msomaji anahitaji kujua kuandika programu ndogo za Python na kuikumbuka sarufi ya sekondari. Kati ya hayo mawili, la pili litamfaa zaidi.

Hatua ya kwanza: liandike swali kwa lugha ya sarufi

Kabla ya kufungua kompyuta, chora jedwali la matokeo unayoyataka. Kwa swali letu safu zake ni msemaji, mtendaji, kitendo, kitendwa, mnufaika, njeo na ukanushi. Kisha jiulize kila safu itajazwa na kipashio gani cha sarufi. Njeo itatoka katika viambishi vya aina ya -li-, -me- na -ta-. Ukanushi utatoka katika ha-, si- na irabu ya mwisho. Mnufaika atatoka katika kauli ya kutendea. Safu isiyoweza kuelezwa hivyo, kwa mfano «nia ya msemaji», haiwezi kujazwa kwa njia hii na ni afadhali kuifuta mapema.

Safu ya msemaji inaonekana ya ziada, lakini usiiache. Waziri akisema «tumechimba», kiambishi tu- ni Serikali. Mbunge wa jimbo akisema «tumechimba», huenda tu- ni yeye na wananchi wake waliochangishana. Umbo ni lilelile, mtendaji si yuleyule, na hakuna kanuni ya sarufi itakayokuambia tofauti hiyo ikiwa hukuhifadhi jina la cheo lililo mbele ya hotuba.

Hatua ya pili: safisha matini bila kuiumiza

Majedwali, nambari za kurasa na maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari hurekebishwa kwa njia za kawaida ambazo sina haja ya kuzirudia. Yapo mambo mawili ya Hansard yenyewe. La kwanza ni mabano ya mwandishi wa kumbukumbu, kama vile «(Makofi)» na «(Kicheko)», ambayo huingia katikati ya aya na lazima yaondolewe. La pili ni wito. Sentensi nyingi mno huanza na «Mheshimiwa Spika» au «Mheshimiwa Mwenyekiti», na programu isiyojua adabu za Bunge itamfanya Spika kuwa mtendaji wa kila kitu nchini. Wito uliofuatwa na mkato utengwe kabla ya uchanganuzi. «Spika» asiyefuatwa na mkato aachwe, kwa kuwa huenda kweli ameamua jambo.

Usibadili herufi kubwa kuwa ndogo katika hatua hii, wala usiondoe yale yanayoitwa maneno yasiyo na uzito. Katika orodha nyingi za namna hiyo neno la kwanza kufutwa ni «na», na huko mbele tutalihitaji kuliko neno lingine lolote.

Hatua ya tatu: mpasue kitenzi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharakisha. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi zilizopangwa kwa zamu: ukanushi, kiambishi cha kiima, njeo, kirejeshi, kiambishi cha yambwa, mzizi, kauli na kiishio. «Aliyetuchimbia» hupasuliwa kuwa a-li-ye-tu-chimb-i-a. «Havijachimbwa» ni ha-vi-ja-chimb-w-a. Kwa kuwa zamu hiyo huvurugika kwa nadra, ruwaza rahisi (regular expression kwa Kiingereza) inaweza kunasa maumbo mengi:

(ha)?(ni|u|a|tu|m|wa|i|li|ya|ki|vi|zi|ku|pa)(na|li|ta|taka|me|ja|ka|ki|ku|nge)?(ye|o|lo|yo|cho|vyo|zo|ko|po)?(ni|ku|m|mw|tu|wa|u|i|li|ya|ki|vi|zi|ji)?(SHINA)

Mahali pa SHINA pawekwe orodha ya mashina yaliyothibitishwa kutoka kamusi, wala si «herufi zozote». Ukiruhusu herufi zozote, programu itapasua kila nomino inayoanza na silabi inayofanana na kiambishi, na «kisima» kitakuwa kitenzi cha sima.

Ruwaza hiyo ni mwanzo tu. Haijui kwamba ha- ikikutana na a- hubaki ha-, wala kwamba ha- na u- huwa hu-, ambayo nayo hufanana na hu- ya mazoea. Haijui «naomba» na «nashukuru», ambamo ni- na -a- zimeungana. Na katika hotuba za Bunge maneno hayo mawili yamejaa. Haijui dhamira tegemezi, ambamo nafasi ya njeo ni tupu na kiishio ni -e. Kila kimoja kinahitaji kanuni yake, na ni heri kanuni ishirini fupi kuliko ruwaza moja ndefu ambayo hata aliyeiandika hataielewa baada ya mwezi.

Anayetaka zana imara zaidi atumie mashine za hali zenye ukomo, yaani programu zinazolisoma neno herufi kwa herufi na kuhama kutoka hali moja hadi nyingine kati ya hali chache zilizopangwa. Njia hii ilipata umbo lake linalojulikana mwaka 1983 katika kazi ya Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kuhusu mofolojia ya ngazi mbili, yaani inayolinganisha neno linavyoandikwa na mofimu zinazoliunda, na mwenzake wa chuo hichohicho, Arvi Hurskainen, aliitumia kwa Kiswahili katika mfumo uitwao SALAMA, ulioanza kujengwa miaka ya 1980. Programu ya bure ya foma, iliyoandikwa na Mans Hulden, huwezesha kujenga kitu cha namna hiyo katika kompyuta ya kawaida. Faida yake ni kwamba hutoa migawanyo yote inayowezekana, tofauti na ruwaza inayotosheka na ule wa kwanza kuupata.

Umuhimu wa migawanyo yote unaonekana katika maneno mawili. «Hakukuona» ni ha-, ambayo imemeza kiambishi cha nafsi ya tatu, kisha -ku- ya ukanushi wa wakati uliopita, kisha -ku- nyingine ya yambwa, yaani wewe, kisha ona. «Hakukuwa», katika «hakukuwa na maji», inaanza kwa herufi zilezile, lakini -ku- ya kwanza ni kiima cha mahali na ya pili ndiyo ukanushi; yambwa haimo kabisa. Vivyo hivyo «hakukuchimbwa kisima». Programu inayochagua mgawanyo mmoja papo hapo itakosea mara moja kati ya hizi mbili, nayo haitajua kwamba imekosea. Kwa hiyo hatua hii imalizike kila neno likiwa na orodha ya tafsiri zake zote, hata kama ni tano.

Neno moja kuhusu vitenzi vya silabi moja. Katika «amekula», ku- imebebwa tu na shina -la na haina maana ya yambwa. Katika «amekupa», ku- ni wewe, kwa kuwa -pa haibebi ku- hiyo. Vitenzi vya jamii hii ni vichache. Viandike kwa mkono kimoja kimoja.

Na usiamini mwisho wa neno. Kiishio -wa si dalili tosha ya kutendwa: «wamechelewa», «wameelewa» na «imegawa» havina kutendwa ndani yake. Mwisho -ika nao umo katika «andika», «fika» na «shika», ambavyo si kauli ya kutendeka. Tofauti kati ya -iwa na -ika inastahili uangalizi wa pekee kwa swali kama letu, maana «pampu imeharibiwa» inakubali kwamba yuko aliyeharibu hata kama hatajwi, ilhali «pampu imeharibika» inaizungumzia pampu kana kwamba ilijiharibikia yenyewe. Hifadhi kauli hizi katika safu mbili. Mimi niliziunganisha mwanzoni ili jedwali liwe jembamba, nikalazimika kurudia kazi yote.

Hatua ya nne: tumia upatanisho kuondoa utata

Sasa kila neno lina tafsiri kadhaa na lazima zipunguzwe. Kanuni ninayoipendekeza ni ile ya sarufi ya vizuizi, iliyobuniwa na Fred Karlsson na kutangazwa mwaka 1990: usitafute tafsiri bora, ondoa zile zisizowezekana, na usiondoe kamwe ile ya mwisho iliyobaki. Kiswahili kinaifaa sana mbinu hii kwa sababu upatanisho wa kisarufi hurudia ngeli ya nomino karibu katika kila neno linaloihusu.

Mfano ni «kata». Ni eneo la utawala, ni chombo cha kuchotea maji, na ni kitenzi. Katika «kata tatu hazina maji», tafsiri ya kitenzi inaondolewa na idadi inayoifuata, na ngeli inathibitishwa na zi- ya «hazina». «Paa» nalo: «paa la shule limeezuliwa» halina mnyama ndani yake, kwa kuwa la na li- zimekwisha kusema. Kanuni inayotosha kwa visa vingi husomeka hivi: ikiwa nomino inafuatwa na -a unganifu, kionyeshi au kitenzi chenye kiambishi cha ngeli fulani, ondoa tafsiri zote za nomino hiyo zilizo nje ya ngeli hiyo. Igeuze pia upande wa pili: «imechimbwa» inaweza kurejelea ngeli ya umoja kama barabara au ya wingi kama mitaro, na nomino iliyo karibu ndiyo inayoamua.

Kisha zinakuja nomino zenye uhai, na hapo kanuni inaanguka. «Viongozi wamekubali» ina umbo la vi- na upatanisho wa wa-. «Mawaziri wamesema» ina umbo la ma-. Mbaya zaidi ni «rafiki zangu wamefika» na «mama yangu amesema», ambamo kimilikishi kinafuata umbo na kitenzi kinafuata uhai, yaani sentensi moja ina upatanisho wa aina mbili kwa nomino moja. Dawa ni kuongeza katika kamusi ya programu alama ya uhai kwa kila nomino, na kuiruhusu nomino yenye alama hiyo ipatane na a-/wa- mbali na ngeli ya umbo lake. Maneno mengine hayatatulii hata kwa wasemaji wenyewe: «mifugo imekufa» na «mifugo wamekufa» zote husikika, na programu izikubali zote mbili. Haikuajiriwa kusahihisha wabunge.

Hatua ya tano: chora mishale

Waliosoma Kiswahili katika sekondari za Kenya wanakumbuka kuchanganua sentensi kwa matawi, kwa jedwali na kwa mishale. Mshale wa darasani humaanisha «huundwa na»: sentensi huelekea kundi nomino na kundi tenzi. Mshale tunaouhitaji hapa ni wa jadi nyingine, ile ya utegemezi iliyoelezwa na Mfaransa Lucien Tesnière katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1959, miaka mitano baada ya kifo chake. Humo neno hutegemea neno, na kitenzi ndicho mzizi wa yote. Mpango wa kimataifa wa Universal Dependencies umeweka majina ya pamoja ya mahusiano hayo, 37 katika toleo lake la pili, pamoja na aina 17 za maneno. Fuata majina hayo hata kama huyapendi, ili kazi yako iweze kulinganishwa na ya wengine.

Kosa kubwa la hatua hii ni kumtafuta kiima kwa nafasi yake. Programu nyingi zilizozoea lugha nyingine hudhani kwamba nomino iliyo kabla ya kitenzi ndiyo mtendaji. Tazama: «Visima hivi aliviahidi Waziri.» Kwa nafasi, visima vimetoa ahadi. Kwa viambishi, a- inadai kiima cha ngeli ya watu na -vi- inadai yambwa ya ngeli ya visima, na sentensi inajifumbua yenyewe. Vivyo hivyo «vimechimbwa visima vitatu», ambamo kiima kimefuata kitenzi, na «kijijini kumechimbwa visima viwili», ambamo kiambishi cha kiima kinarejelea mahali na visima vimeachwa nyuma. Basi utaratibu uwe huu: soma kiambishi cha kiima, tafuta ndani ya kishazi nomino zinazopatana nacho, chagua iliyo karibu zaidi, kisha fanya hivyohivyo kwa kiambishi cha yambwa. Nafasi itumike tu pale ambapo nomino mbili zinapatana sawasawa.

Pale pia iwe kwa tahadhari. «Wananchi wanaowasubiri wataalamu» inaweza kumaanisha kwamba wananchi wanasubiri au kwamba wanasubiriwa, kwa kuwa kiima, kirejeshi na yambwa vyote ni vya ngeli moja. Msomaji huamua kwa kuujua ulimwengu. Programu iandike «haijulikani».

Baada ya mishale, jaza jedwali. Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutenda, kiima ni mtendaji. Kikiwa cha kutendwa bila kutendea, kiima ni kitendwa. Kikiwa na zote mbili, kama «wamechimbiwa», kiima mara nyingi ni mnufaika na nomino inayofuata ni kitendwa.

Hatua ya sita: shughulika na «na» peke yake

Katika jaribio langu la kwanza, orodha ya watendaji waliochimba visima iliongozwa na mabomba. Chanzo kilikuwa sentensi za namna hii: «Visima vilichimbwa na mabomba yakatandazwa.» Niliiambia programu kwamba nomino inayofuata «na» baada ya kitenzi cha kutendwa ni mtendaji, kama ilivyo katika «visima vilichimbwa na wananchi». Kanuni ilikuwa sahihi na matokeo yalikuwa upuuzi.

Marekebisho ni kuangalia kama nomino iliyo baada ya «na» ina kitenzi chake yenyewe. Mabomba yana «yakatandazwa», chenye ya- inayopatana nayo. Kwa hiyo «na» inaunganisha vishazi viwili. Lakini «visima vilichimbwa na wananchi waliojitolea» nayo ina kitenzi baada ya nomino, chenye wa- inayopatana, na bado wananchi ndio wachimbaji. Tofauti ni -o- ya kirejeshi: kitenzi chenye kirejeshi, au kilichotanguliwa na «amba-», kinaivumisha nomino na hakianzishi kishazi huru. Kanuni kamili basi inasema hivi: baada ya kutendwa, «na» inamleta mtendaji, isipokuwa nomino yake ikiwa kiima cha kitenzi kisicho na kirejeshi. Zinabaki «na» ya kumiliki, kama «hawana» na «ina», ambayo hutambulika kwa kiambishi kilichoshikamana nayo au kwa kutanguliwa na kitenzi -wa. Na ile ya kuunganisha nomino mbili, ambayo haina madhara.

Kanuni hii hukosea pale kishazi cha pili kinapoanza na kielezi kirefu. Nimeiacha hivyo, kwa kuwa kuiongezea sharti la tano kulivunja visa vingi kuliko vilivyotengenezeka.

Hatua ya saba: pima kabla ya kuamini

Teua sentensi 200 kwa bahati nasibu, kutoka vikao ambavyo hukuvitumia kutunga kanuni, na uwape watu wawili wajaze jedwali kwa mkono bila kuonana. Wakihitilafiana, usikimbilie kusuluhisha. Kwanza pima makubaliano yao kwa kipimo cha kappa, kilichoelezwa na Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huondoa makubaliano ya kubahatisha. Safu ambayo watu wawili hawakubaliani haiwezi kudaiwa kutoka kwa mashine.

Kisha linganisha mashine na watu kwa vipimo viwili vilivyotenganishwa: kati ya iliyoyataja, mangapi ni sahihi, na kati ya yaliyopo, mangapi imeyanasa. Vitoe kwa kila safu. Wastani wa jumla utakudanganya, kwa sababu njeo ni rahisi na mtendaji ni mgumu, na ile ya kwanza itamfichia huyu wa pili aibu.

Mifumo ya akili mnemba iliyofunzwa kwa matini nyingi inaweza kufanya sehemu ya kazi hii, na kwa Kiswahili kuna data iliyotiwa alama za aina za maneno, ikiwemo ile ya MasakhaPOS ya mwaka 2023 iliyohusisha lugha 20 za Afrika. Itumie, lakini kumbuka kwamba mifumo hiyo mingi huyakata maneno kwa kufuata wingi wa herufi zinazotokea pamoja, si kwa kufuata mofimu, na «hawatachimbiwa» inaweza kukatwa mahali ambapo hakuna mwalimu wa sarufi angethubutu kukata. Njia ninayoifuata ni kuuacha mfumo upendekeze kiima, kisha kanuni ya upatanisho ikague: kiambishi kikigoma kupatana na nomino iliyopendekezwa, safu inaandikwa «haijulikani» na sentensi inapelekwa kwa mtu.

Kila sentensi iliyokosewa iwekwe katika faili la majaribio pamoja na jibu lake sahihi, na faili zima lipitishwe upya kila unapobadili kanuni. Langu lina «Visima vilichimbwa na mabomba yakatandazwa» katika mstari wa kwanza.